Natoka Rumonge, nataka kufungua kampuni ya mawese Kigoma: nianzie wapi?

Msomaji ni raia wa Burundi, mzaliwa wa Rumonge, ameoa Ujiji na sasa anataka kuhamishia shughuli zake huku. Anaandika: "Kwetu tumekamua mawese tangu enzi za baba. Nina karibu shilingi milioni 70 za Tanzania. Nataka nifungue kampuni Kigoma, ninunue chikichi vijijini Simbo na Mwandiga, nikamue, nitengeneze na sabuni ya mche, halafu niwe na duka la jumla Mwanga. Kuna kijana ameniambia nimpe milioni moja na nusu, ndani ya wiki moja atanikabidhi kampuni kamili, kaka wa mke wangu akiandikwa asilimia 51, kwa sababu ati mgeni haruhusiwi kuzidi 49. Ni kweli? Na nianze BRELA au Uhamiaji?"

Karibu Kigoma, shemeji. Umeoa kwetu, kwa hiyo jina hilo ni haki yako.

La asilimia nalijibu kwanza maana ni fupi: si kweli. Sheria ya Kampuni haimkatazi mgeni kumiliki hisa zote. Wageni wawili wenye pasipoti zao, bila Mtanzania hata mmoja kati yao, wanaweza kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na wakapewa cheti. Zipo sekta chache ambako sheria ya sekta yenyewe inataka Watanzania washike sehemu ya hisa, bima ni mojawapo, lakini kukamua mawese hakumo. Huyo kijana ama hajui, ama anajua sana na ana sababu yake ya kutaka jina la shemeji yako litangulie. Nitairudia sababu hiyo.

Kuhusu BRELA au Uhamiaji, kabla ya ofisi zote mbili kuna karatasi moja ya kusoma, na wengi wanaokuja kwangu na cheti kizuri mkononi hawajaisoma. Cheti cha BRELA ni kama cheti cha kuzaliwa: kinathibitisha kwamba kampuni ipo, hakikuruhusu kuendesha gari. Ruhusa ya kufanya biashara fulani inatoka kwingine, na ruhusa ya wewe, kwa mwili wako, kukaa Tanzania ukiiendesha inatoka kwingine tena. Mifumo hii mitatu ina sheria zake, na mmoja kukukubali hakuulazimishi mwingine. BRELA itasajili kampuni yako bila kukuuliza kama utapata leseni. Hapo ndipo pesa za watu zinapozama.

Karatasi yenyewe ni amri iliyotolewa Julai 2025 na Waziri wa Viwanda na Biashara wa wakati huo, Selemani Jafo, chini ya Sheria ya Leseni za Biashara. Inataja biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Nyingi hazikuhusu: uwakala wa fedha za simu, ufundi simu, saluni, usafi, uchimbaji mdogo wa madini, kuongoza watalii, redio na televisheni, udalali, uwakala wa forodha, mashine za kamari nje ya kasino na kadhalika. Zinazokuhusu ni tatu. Biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na maduka makubwa maalumu ya jumla kwa ajili ya wazalishaji wa ndani. Ununuzi wa mazao shambani. Na umiliki au uendeshaji wa viwanda vidogo na vidogo sana.

Sasa rudi kwenye barua yako. Duka la jumla Mwanga limo. Kununua chikichi Simbo na Mwandiga kwa mkulima limo. Kiwanda cha milioni 70 nacho kimo, kwa sababu kipimo kinachofahamika cha ukubwa wa kiwanda nchini ni kile cha sera ya viwanda vidogo na biashara ndogo ya 2003. Kwa sera hiyo, shughuli yenye watu 5 hadi 49 na mtaji wa mashine kuanzia milioni 5 hadi milioni 200 ni ndogo. Chini ya hapo ni ndogo sana. Kiwanda cha kati kinaanzia watu 50 na mtaji unaozidi milioni 200. Na kama hesabu ya watu inakuweka kundi hili na hesabu ya mtaji inakuweka kundi lile, sera inasema mtaji ndio unaoamua, kwa hiyo kuajiri vibarua 60 wa kupukuchua chikichi hakutakuvusha.

Mipango yako mitatu, yote mitatu iko kwenye orodha. Ndiyo maana sikuanza kukueleza fomu.

Adhabu zake si za kutishia watoto. Asiye raia akipatikana na hatia faini haipungui milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili, na viza pamoja na kibali cha kuishi vinafutwa. Mtanzania anayemsaidia mgeni kufanya biashara hizo naye ana fungu lake: faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Hapo utaona ni nani mwingine kwenye mpango wa yule kijana anayewekwa kitanzini: ni kaka wa mkeo, ambaye pengine anadhani anakufanyia hisani ya kifamilia tu.

Najua utakachosema, maana Warundi na Wakongomani wote wanaoketi kwenye kiti kile mbele yangu wanasema hivyo hivyo: sisi si Jumuiya moja? Ni kweli Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Itifaki ya Soko la Pamoja inafanya kazi tangu Julai 2010, na ndani yake kuna haki ya mwananchi wa nchi mwanachama kwenda kuanzisha biashara nchi nyingine. Kenya ililalamika hadharani amri hii ilipotoka, kwa hoja hiyo hiyo. Lakini amri haikuacha mlango kwa raia wa Jumuiya. Inasema asiye raia, basi. Hoja yako ni nzuri mezani kwa mawaziri. Afisa biashara wa halmashauri hana pa kuiandika kwenye mfumo wa leseni. Na usidanganyike kwamba kwa kuwa Kiha na Kirundi vinasikilizana, na sokoni Manyovu, pale mpakani, hakuna anayekuuliza umetoka upande gani, basi ofisini pia hawatauliza. Huu ni mkoa wa mpakani. Watauliza mapema kuliko Dar es Salaam.

Na ndoa? Haikubadilishi. Sheria ya uraia ya 1995 inamruhusu mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania kuomba uraia kwa njia ya ndoa; mwanamume wa kigeni aliyeoa Mtanzania hana njia hiyo, anafuata foleni ya tajnisi, yaani njia ya kawaida ya mgeni kuomba uraia, kama mgeni mwingine yeyote. Ni sheria inayopigiwa kelele miaka mingi, na mimi ni mmoja wa wanaopiga kelele, ila ndiyo iliyopo.

Sasa hizo asilimia 51. Mpango wa kijana ni kwamba shemeji yako aonekane mwenye kampuni, wewe uwe nyuma ya pazia na hela zako. Mitaani wanaliita jina la kivuli. Kwanza ni kosa, nimeshasema. Pili, siku hizi BRELA haitaki majina ya wanahisa tu. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2020, kila kampuni inatakiwa kueleza mmiliki manufaa, yaani binadamu ambaye mwishoni ndiye anayenufaika na kuamua, hata kama hisa zimeandikwa jina la mwingine. Ukimwandika shemeji yako pale umetoa taarifa za uongo serikalini. Ukijiandika wewe, umekiri mwenyewe. Hakuna namna ya tatu ya kuijaza sehemu hiyo.

Tatu, na hili ndilo linalovunja ukoo: kwenye daftari la wanahisa, mwenye hisa ni aliyeandikwa. Shemeji yako akifariki, Mungu apishe mbali, zile asilimia 51 za hisa zinaingia kwenye mirathi yake. Wajane na watoto wake watakuwa wenzako kwenye kampuni na hawatajua lolote kuhusu makubaliano yenu ya sebuleni. Akigombana na dada yake, ambaye ni mkeo, mwenye kura nyingi kwenye mkutano wa kampuni ni yeye. Ile karatasi ya siri mnayotaka kuandikiana, "hisa hizi ni za fulani", hutaweza kuipeleka mahakamani bila kupeleka na ushahidi wa kosa lenu.

Nisieleweke kwamba Mtanzania hawezi kuwa mbia wako. Anaweza, na mara nyingi ni jambo jema. Kinachotenganisha mbia na kivuli ni vitu vinavyoonekana: alitoa fedha au mali gani yenye thamani, nani anasaini benki, gawio linaingia akaunti ya nani, na siku ya kuamua kununua mashine ya pili nani anaulizwa. Kama majibu yote ni jina lako, huyo ni kivuli hata akiandikwa asilimia 90.

Basi ufanye nini na milioni 70 na ujuzi wa mawese? Ningekuwa wewe ningeangalia njia tatu, na nakuambia mapema kwamba ya kwanza ndiyo watu hawaipendi.

Ya kwanza ni kuacha kusajili kampuni Tanzania kwa sasa, uwe mnunuzi wa kuvuka mpaka. Sajili kampuni kwenu Burundi, ununue sabuni au dagaa kutoka kwa wazalishaji na wafanyabiashara wa Kigoma ambao leseni zao ziko sawa, wakukabidhi mzigo, wewe uupitishe Manyovu uuze kwenu. Mnunuzi kutoka nje hahitaji leseni ya Tanzania ili auziwe bidhaa na Mtanzania mwenye leseni. Kwa mizigo midogo Jumuiya ina utaratibu rahisi wa cheti cha uasilia, yaani karatasi ya kuonyesha bidhaa imetoka nchi mwanachama, kwa shehena isiyozidi dola 2,000, kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Cheti unakipatia pale pale mpakani. Ukifanya hivyo mwaka mzima utakuwa umejua bei za msimu, nani analipa na nani anakimbia, na mtaji wako haujafungwa kwenye zege. Haina sifa ya kuitwa mkurugenzi, najua.

Ya pili ni kukua. Rumonge hukosi wenzako wenye mtaji na ujuzi kama wako, na Kigoma kuna Watanzania wenye fedha wanaotafuta mtu anayejua kazi. Unganeni mvuke ule mstari wa milioni 200 za mashine, na hapo mnaongelea kiwanda cha kati, ambacho hakimo kwenye orodha. Malighafi msiifuate shambani. Waletewe kiwandani na wakulima wenyewe, chama chao cha ushirika, au wasambazaji Watanzania, kwa mkataba. Msiingie pia bila kupita kituo cha utafiti cha TARI Kihinga, maana wakulima wengi hapa bado wana michikichi ya zamani ya kokwa nene na nyama kidogo, na mavuno ya mafuta kwa tani ya chikichi ndiyo yatakayoamua kama mashine kubwa inalipa. Ukitaka cheti cha vivutio vya uwekezaji, sheria ya uwekezaji ya 2022 iliweka kiwango cha dola 500,000 kwa mradi wa wageni na dola 50,000 kwa mradi wa Watanzania. Kazi hiyo sasa iko kwa TISEZA, mamlaka ya uwekezaji na maeneo maalumu ya kiuchumi, iliyochukua nafasi ya TIC na EPZA mwaka 2025. Cheti hicho si lazima ili kufanya biashara, usimruhusu mtu akuuzie kama lazima.

Ya tatu ni mkeo. Yeye ni Mtanzania na ana haki zake kamili. Kiwanda kidogo kikiwa chake kweli, TIN (namba ya mlipakodi) yake, leseni yake, akaunti yake na uamuzi wake, ni biashara ya raia. Wewe unaweza kumkopesha kwa mkataba ulioandikwa, wenye ratiba ya marejesho. Lakini ukisimama mashineni kila siku ukitoa amri na kulipa vibarua, umerudi kwenye kivuli, safari hii na jina la mama watoto wako juu ya hati. Kama unataka kufanya kazi pale, yeye kama mwajiri anakuombea kibali cha kazi chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015. Atatakiwa aeleze kwa nini Mtanzania mwenye ujuzi huo hakupatikana, na aonyeshe mpango wa wewe kumrithisha Mtanzania ujuzi wako. Kibali kinatolewa kwa miezi 24 kwa wakati mmoja, na kwa mwajiriwa jumla yake haizidi miaka mitano. Kwa fundi wa mawese wa kizazi cha pili hoja ipo, lakini andaa vyeti au barua za kuthibitisha, maana ujuzi wa kurithi kwa baba hauna muhuri.

Tuseme umechagua njia ya pili na mmefika mahali pa kusajili. Hapo ndipo swali lako la mwisho linapata jibu: BRELA kwanza, Uhamiaji baadaye, na kati yao usifanye kazi.

Usajili wote uko mtandaoni, kwenye mfumo wa BRELA unaoitwa ORS. Mnatakiwa wanahisa wasiopungua wawili na wakurugenzi wasiopungua wawili, wanaweza kuwa watu wale wale, pamoja na katibu wa kampuni. Mtanzania anaingizwa kwa namba yake ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. Kama mbia wenu hana, msubiri apate kwanza, na mkoa wetu uhakiki wa uraia una kasi yake. Mgeni anaingizwa kwa pasipoti. Hapa kuna jambo dogo linalowarudisha Warundi wengi nyuma. Kwenye hati zenu jina la ukoo linatangulia, kwa herufi kubwa, halafu jina la ubatizo. Mfumo una visanduku vya jina la kwanza, la kati na la mwisho. Anayekujazia akinakili kama anavyoliona kwenye pasipoti, jina lako linageuka, halafu kwenye katiba ya kampuni wakili anaandika kwa mpangilio mwingine, na maombi yanarudishwa. Baya zaidi ni yasiporudishwa, kwa sababu utakutana nalo benki, miezi baadaye, mtu wa dirishani akikuambia mkurugenzi wa kwenye cheti na mwenye pasipoti hii si mmoja. Chagua mpangilio mmoja leo na uutumie kwenye kila karatasi hadi kwenye mkataba wa pango.

Sehemu nyingine ya kukaa nayo chini ni shughuli za kampuni. Mfumo unakutaka uchague shughuli kutoka kwenye orodha yenye namba za kimataifa. Vijana wa kusajili wana tabia ya kubofya kila kitu, jumla, rejareja, udalali, uchimbaji, ili "baadaye usisumbuke". Kwa kampuni ya wageni huko ni kujiandikia mashitaka. Chagua utengenezaji wa mafuta na sabuni, basi. Mtaji wa hisa nao uandikeni wa kawaida. Kampuni ya kawaida haina kiwango cha chini kilichowekwa na sheria, na ada ya usajili inapanda kadiri mtaji unavyopanda. Fomu zikishajazwa zinachapwa, zinasainiwa, wakili anagonga muhuri wake, zinapigwa skani na kupandishwa, halafu mnalipa kwa kontro namba. Ada zote za BRELA, hata kwa mtaji unaozidi milioni 50, hazifiki laki sita. Linganisha na milioni moja na nusu, kisha utoe malipo ya wakili, uone kinachobaki ni cha nani.

TIN ya kampuni inaombwa TRA, mamlaka ya mapato, na sheria inakupa siku 15 tangu kuanza biashara. Pale utakutana na makadirio ya kodi ya mapato, na hapa watu hujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Kampuni inalipa asilimia 30 ya faida, kwa awamu nne za mwaka, kutokana na makadirio mnayoyatoa ninyi. Ukitaja mauzo makubwa ili uonekane mwekezaji, utalipa sifa hizo kila robo mwaka kabla mashine haijafungwa. Ukitaja kidogo mno, mwisho wa mwaka kuna riba. Nendeni na mhasibu na mchanganuo wa miezi 12 wenye miezi ya mwanzo isiyo na mauzo. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inawahusu mkifikisha mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Mkataba wa pango utaombwa TRA na kwenye leseni. Utapangisha, ardhi mgeni hamiliki isipokuwa kwa uwekezaji kupitia mamlaka ya uwekezaji, na kampuni ambayo wengi wa wenye hisa ni wageni inahesabiwa mgeni. Mwenye nyumba wengi wa Kigoma wanataka kodi ya mwaka mkononi, bila karatasi, kwa sababu wanajua kampuni inatakiwa kukata asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA. Mwambie mapema, kabla hujaanza kupiga rangi, kwamba utaikata. Akikataa tafuta godauni lingine. Bei itajwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutoza kwa fedha za kigeni ndani ya nchi.

Vibali sasa. Kama mwenye hisa tu, ukiwa Rumonge, huhitaji kibali chochote. Ukitaka kukaa huku na kuendesha, unaomba kibali cha kazi daraja A kutoka Idara ya Kazi na kibali cha kuishi daraja A kutoka Uhamiaji. Daraja A ni la mwekezaji. Tatizo ni kwamba vibali vinadai nyaraka za kampuni pamoja na leseni, na leseni nayo inadai kibali cha kuishi cha mmoja wa wanahisa wageni. Watu wamezunguka humo hadi viza zikaisha. Pa kutokea papo: wanahisa mnatoa hati ya uwakilishi, iliyoshuhudiwa na wakili, kwa Mtanzania mwenye kitambulisho cha taifa ili ashughulikie leseni kwa niaba ya kampuni. Hapa ndipo kaka wa mkeo anaweza kukusaidia kwa halali kabisa, bila kushika hata hisa moja.

Leseni yenyewe inategemea aina ya biashara: kundi A linatolewa na BRELA, kundi B na halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Angalia pia uko halmashauri gani. Simbo na Mwandiga ni Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma, siyo Manispaa ya Kigoma Ujiji, na kulipa upande ambao siwo ni kulipa mara mbili. Kwa mafuta ya kula na sabuni mtahitaji pia alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na kwa majitaka ya kinu cha mawese NEMC, watu wa mazingira, watawauliza maswali. SIDO, shirika la viwanda vidogo, wana ofisi hapa mjini. Pita kwao ujue wengine wa kazi hii wamekwama wapi.

Fedha zako zipitie benki tangu mwanzo. Ukivuka Manyovu na taslimu inayofika dola 10,000 unatakiwa kuitangaza forodhani, na siku utakapoulizwa mtaji ulitoka wapi, karatasi ya benki inajibu haraka kuliko maelezo.

Na kampuni ikishasajiliwa inaanza kula hata kama imelala. Kila mwaka kuna ritani (taarifa ya lazima) ya BRELA, ada yake 22,000, na kuna ritani za TRA zinazotakiwa hata ukiwa hujauza kipande cha sabuni. Kampuni inayochelewesha ritani ya kodi inatozwa zaidi ya laki mbili kwa kila mwezi wa kuchelewa. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutomwachia kijana akusajilie "halafu tutaona".

Kama bado unataka kumtumia kwa kazi ya fomu, hakuna ubaya, mradi akaunti ya ORS ifunguliwe kwa barua pepe na simu yako, siyo yake. Malipo ya serikali uyalipe mwenyewe kwa kontro namba yenye jina la kampuni. Na ujira wake umpe cheti kikishatoka. Ila usimpe hata mia kabla hajakuonyesha, kwenye ile orodha ya biashara 15, ni wapi pameandikwa kwamba asilimia 49 zinamtoa mgeni kitanzini.